Niliwaambia mara 3 mama yangu hali kitimoto. Wakampa, kisha wakaniwekea kwenye bili

Wakuu, salaam.

Leo siku ya 4 nimekaa na jambo hili nikisubiri hasira ipoe, haijapoa. Jumamosi tulimtoa mama kula chakula cha usiku, katimiza miaka 65. Mgahawa ni wa Kijapani, upande wa Masaki. Jina silitaji kwa sasa, nimewapelekea barua na nasubiri majibu yao ya maandishi.

Ni ule mtindo unaoitwa izakaya. Vinakuja visahani vidogo vidogo, vinawekwa katikati ya meza, kila mtu anachukua anachotaka. Niliuchagua kwa sababu hiyo hiyo. Mama ni mtu wa Pangani, amekulia kwenye sinia moja na ndugu zake, na samaki ndiyo maisha yake. Nikasema hapa atafurahi.

Jumatano nilipiga simu kuweka nafasi ya watu 6. Nikaeleza kwamba mama ni Muislamu: kitimoto kisiletwe mezani kwetu, na chakula chake kisipikwe kwa pombe. Nikauliza kama wanaweza, kwa sababu kama hawawezi nitatafuta kwingine, hakuna ugomvi. Aliyepokea simu akaniambia inawezekana kabisa, ameandika. Ijumaa nikatuma kianzio cha shilingi 100,000 na kurudia maneno yale yale WhatsApp. Wakajibu "sawa". Jumamosi tumekaa, menyu haijafunguliwa, nikamwambia mhudumu kwa mara ya 3. "Usijali dada, jikoni wanajua."

Najua kuna watakaosema mlimpelekea nini mama yenu mahali panapouzwa pombe. Harusi ngapi na semina ngapi tunakwenda kwenye hoteli zenye baa, tunakula na kurudi nyumbani? Sikudai cheti cha halali. Niliuliza swali, nikapewa jibu, nikaliamini.

Mwanzo ulikuwa mzuri, siwezi kuwadhulumu. Walileta tofu ya kukaanga, juu wamenyunyiza jodari mkavu aliyeparwa mwembamba kama karatasi. Mvuke ukimpata anajikunja na kutikisika. Mama aliinama akamtazama kwa muda, akanusa, akasema, "Huyu ni ng'onda, wamemkwangua tu." Akacheka, akala, akaomba kingine.

Ikaja gyoza, vile vijisambusa vya ngozi laini vinavyokaangwa upande mmoja. Vipande 6. Nikauliza nyama gani? Mhudumu akajibu kuku. Mama akala kimoja, akachukua cha pili. Mdogo wangu, ambaye amesoma Japani miaka 2, alipoonja tu akaweka vijiti chini. Akasema hii siyo kuku, huko gyoza ya kawaida ni ya nguruwe. Tukamwita meneja. Akaingia jikoni, akarudi, akasimama nyuma ya kiti cha mama na kutuambia, "Ni kuku, ila wanachanganya na nguruwe kidogo tu, ili isiwe kavu."

Kidogo tu. Meneja mzima, mbele ya mzee wa miaka 65.

Mama hakusema neno. Alitemea kilichokuwa mdomoni kwenye kitambaa cha karatasi, akakikunja mara 2, akakikunja tena, akabaki amekishika kama mtu asiyejua pa kukiweka. Kisha akauliza maji yako wapi. Dada yangu alimfuata, akamkuta kwenye sinki anasukutua, anatema, anasukutua, mtandio umelowa kifuani. Siku yake ya kuzaliwa.

Ndipo mdogo wangu akaanza kuuliza kimoja kimoja. Ile mishikaki ya kuku iliyong'aa imechovywa kwenye mchuzi wenye mirin, pombe tamu ya mchele, kilevi chake ni kama asilimia 14. Chungu cha mchuzi ni kimoja, wanachovya mishikaki yote humo. Jiko la mkaa ni moja, koleo ni moja, kitimoto na kuku ubavu kwa ubavu. Anasema mishikaki hiyo hiyo huchomwa kwa chumvi pia, unaomba tu. Kwa hiyo kulikuwa na njia! Mtu wa jikoni angesema "huyu mama mpeni ya chumvi, gyoza msimpe", tungekula kwa amani. Na kwenye ulaji wa namna hii, sahani zote ziko katikati na vijiti vinaingia kila mahali, kosa la sahani moja linafika kwa kila aliyekaa mezani.

Bili ikaja: 436,000. Gyoza imo, 28,000. "Service charge" asilimia 10 imo. Nikamwonyesha meneja kwa kidole. Akasema gyoza imeshaliwa, mashine imeshatoa risiti, ila anaweza kutupa aiskrimu ya bure. Nililipa kwa sababu mama alikuwa amesimama mlangoni na pochi yake, anataka kuondoka.

Ustadhi amemwambia hana dhambi, hakujua. Amesikia, lakini moyo haujatulia. Jana nimempelekea mchuzi wa changu niliopika mwenyewe, akashika kijiko, akaniuliza, "Mwanangu, humu umetia nini?" Mama yangu, ananiuliza hivyo mimi.

Sitaki aiskrimu wala kuzawadiwa chakula kingine. Nataka warudishe pesa ya meza yote, na meneja ampigie mama simu amwombe radhi kwa mdomo wake. Na waache kusema "inawezekana" kwa kitu ambacho jikoni hawakifanyi. Leo ni dini, kesho atakuja mtu mwenye mzio wa karanga au kamba, naye ataambiwa "kidogo tu".

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, hilo nalijua. Ninayo risiti ya EFD, ujumbe wote wa WhatsApp, na mashahidi 5. Kwa aliyewahi kupeleka lalamiko FCC (Tume ya Ushindani): hivi vinatosha kuanzia, au niwasubiri kwanza wajibu barua?