Mahakama ilifuta ushuru wa nyumba, jamaa akaurudisha, na bado mnampigia makofi!

Makato_Kooni (mwanzisha uzi)
Karatasi za mshahara zimetoka leo. Fungueni zenu, mtazame mstari wa ushuru wa nyumba, halafu mtu mzima mwenye akili timamu aniambie kwa nini huyu jamaa, Rais William Ruto wa Kenya, bado anajaza viwanja.

Twende kwa hesabu, asije mtu akasema ni chuki. Mshahara wa 50,000. Agosti 2022, mwezi wa kura: NSSF ya uzeeni 200, NHIF ya afya 1,200, kodi ya mapato 7,143. Mfanyakazi anabaki na 41,456. Leo, mshahara ule ule: NSSF 3,000, SHIF iliyorithi NHIF 1,375, nyumba 750, kodi 5,846. Anabaki na 39,029. Zaidi ya 2,400 zimeyeyuka kila mwezi, na mwenye nyumba hajapunguza kodi hata senti. Tukiendelea hivi, mwaka kesho mwajiri atakuwa anatuma deni badala ya mshahara!

Hayo yote mtu angemeza. Kinachochoma ni Machi 2024. Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu inasema ushuru ule unakiuka Katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa inakataa kuusitisha uamuzi huo. Watu wakapumua. Machi 19 jamaa anatia sahihi sheria mpya na makato yanarudi. MAHAKAMA ILIFUTA! AKAURUDISHA! Majaji wameandika kurasa kwa kurasa, yeye kalamu moja tu. Na mwanzoni, muswada wa 2023 ulisema 3% ambayo mchangiaji angerudishiwa. Ikatoka 1.5% isiyorudi kamwe. Kila mwezi 750, na ukitaka hiyo nyumba unajisajili Boma Yangu, mtandao wa nyumba hizo, na kuweka akiba upya kama mtu ambaye hajawahi kukatwa kitu.

Mliompigia kura kwa ajili ya wilbaro, ile alama ya chama chake, jitokezeni mjieleze.

Gunia_Mbili
Nimejitokeza. Wewe unalia na karatasi ya mshahara, sasa nenda Trans Nzoia kwa wakulima uulize wangapi wanayo hiyo karatasi. Nchi hii wenye ajira rasmi wanazidi milioni 3 kidogo tu. Jua kali ni zaidi ya milioni 15, na bado hujahesabu wakulima. Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 ulipita 6,000 mwaka 2022. Septemba hiyo hiyo alipoingia ukashuka 3,500, na Agosti 2023 ukafika 2,500. Ekari moja ya mahindi inataka mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Fanya hesabu ya ekari tano ndipo utajua kwa nini watu wanajaza viwanja. Mwenye karatasi anaiona serikali kwenye makato, mwenye shamba anaiona kwenye gunia.

Makato_Kooni
Gunia halifuti Machi 19. Mahakama ilisema HAPANA.

Wakili_wa_Baraza
Ndugu, punguza moto kidogo. Mahakama haikuharamisha ushuru milele. Ilipata makosa mawili makubwa: hakukuwa na mfumo kamili wa sheria, na uliwabagua walioajiriwa ukawaacha wengine. Sheria ya Machi ikaziba kwa kuwataja wote, wenye mshahara na wasio nao, 1.5% ya mapato. Kasoro ya kweli iko kwenye utekelezaji. Mwenye mwajiri anakatwa hata kabla ya kuona pesa. Muuza mboga nani atamkata? Ajitangazie mapato mwenyewe. Kwa hiyo ubaguzi umetoka kwenye maandishi ukabaki mfukoni.

Makato_Kooni
Ndicho ninachosema! Akaurudisha!

Dola129
Mkuu unapiga kelele kuliko spika za mkutano wa injili. Na NSSF umembambikia bure, ile ni sheria ya 2013, ilikwama mahakamani mpaka Mahakama ya Rufaa ilipoifungua Februari 2023. Tena hiyo ni akiba yako ya uzeeni, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Ukiitoa, kilio chako kinakufa, maana kodi yenyewe imeshuka kwa sababu sasa NSSF, SHIF na nyumba zinatolewa kabla ya kukokotoa. Mbona hukuandika kwamba shilingi ilikuwa 160 kwa dola Januari 2024, Eurobond, deni la serikali la dola, ikiiva Juni na kila mtu akitabiri tutashindwa kulipa? Februari wakauza bondi mpya ya dola bilioni 1.5, wakanunua sehemu kubwa ya ile ya zamani, shilingi ikarudi 129. Wanaomuunga mkono mjini wanamuunga kwa hilo.

Tangi_Tupu
Dola imeshuka, petroli je? VAT ya mafuta iliruka kutoka 8% hadi 16% Julai 2023, na Oktoba lita ikapita 217 Nairobi. Zakayo, ndivyo tunavyomwita Ruto kwa kupenda ushuru, hashuki mkuyuni ng'o.

Mlimani_Kwetu
Mnazunguka mbuyu. Mlima, yaani sisi wa eneo la Mlima Kenya, ulimpa kura 2022 kwa sababu tatu: hasira na Uhuru Kenyatta aliyekuwa akiondoka, baada ya kupeana mkono na Raila 2018, mgombea mwenza wa kwetu, na ahadi ya pesa kuanzia chini. Bila Mlima, tofauti ile ya kura 233,211 ingetoka wapi? 7,176,141 dhidi ya 6,942,930, ulikuwa uzi mwembamba. Oktoba 2024 wakamng'oa naibu wetu, Gachagua. Hapo ndipo mapenzi yalipokufa, si kwenye 750 yako.

Ziwa_Pana
Poleni. Sisi tulimkataa 2022 mkatucheka. Machi 7, 2025 chama chake UDA na ODM yetu ya Raila vikatia sahihi ya kushirikiana ukumbini KICC, na leo kwetu kuna wanaomtetea kuliko nyinyi mliomchagua. Barabara zimeanza, mawaziri tunao. Siasa ndiyo hiyo.

Juni25
Barabara! Juni 25, 2024 wabunge 195 walipitisha ule Muswada wa Fedha, 106 wakakataa, na vijana wakapigwa risasi nje ya Bunge. Kesho yake akakataa kuutia sahihi. Mwanzoni ulitaka mkate utozwe VAT 16% na gari 2.5% ya thamani kila mwaka, kelele ndizo zilizofanya hayo yaondolewe kabla ya kura. Kuna kizazi hakitampa kura hata akigawa mbolea bure, na mtu asiniletee hapa habari ya barabara.

Makato_Kooni
Asante Juni25. Lakini turudi Machi 19 jamani, mahakama

Bahari_Kuu
Ami, Machi 19 tumeisikia. Mimi nina donge na SHA, wasimamizi wa hiyo SHIF. Mwenye mshahara anakatwa 2.75% mwezi kwa mwezi. Asiye na mshahara anajisajili kwa *147#, anajibu maswali ya paa, choo na mifugo, mashine inamkadiria, halafu anaambiwa alipe mwaka mzima kwa mpigo. Kima cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 siku moja. Mvuvi atoe wapi? Ndiyo maana wamejisajili mamilioni na wanaolipa ni wachache. Mgonjwa anafika hospitalini anakuta jina lipo na bima imelala.

Tangi_Tupu
Hiyo ni kweli tupu. Na kwenye yale maswali, ukiandika mabati na ng'ombe mmoja huenda ukapandishwa daraja.

Kiazi_Mviringo
Gunia_Mbili umesifu mbolea ukanyamaza kuhusu 2024, mifuko yenye udongo ikiuzwa kwenye maghala ya serikali! Na ujumbe wa vocha ya mbolea ya ruzuku unachelewa. Mkulima alisajiliwa kwa namba ya mtoto aliye Nairobi, SMS inakwenda huko, mvua inanyesha, akifika ghala la NCPB, bodi ya nafaka, na kitambulisho anaambiwa DAP imeisha, chukua CAN.

Gunia_Mbili
Namba inabadilishwa kwa afisa wa kilimo wa wadi, peleka kitambulisho kabla ya Februari, usingoje mawingu. Na ukipewa CAN chukua, utapandia hiyo hiyo.

Kiazi_Mviringo
Utapandia CAN?! Weee. CAN ni ya kukuzia, mahindi yakifika magotini. Kupanda kunataka fosforasi, na CAN haina hata chembe.

Gunia_Mbili
Kama DAP imeisha utapanda na nini, maneno?

Kiazi_Mviringo
NPK 23:23:0 ipo ghala hilo hilo, bei ile ile. Uliza kabla ya kubeba.