Misimu sita beki madaraja ya chini na sina nakala hata MOJA ya mkataba wangu

Wakuu habari za usiku. Naandika hapa nikiwa na hasira na siifichi, goti linauma toka saa nane sijalala, na leo mchana nimeambiwa neno na kiongozi mmoja wa timu niliyokuwa nachezea ambalo limenifanya nifungue huu uzi. Timu siitaji, na yeye simtaji, waliocheza Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, wanajua hizi habari zinafanana kila mkoa.

Mimi ni beki wa kati, namba tano. Nimetoka mchangani, nikacheza ndondo zile mechi za mtaani, ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, Daraja la Pili kabla halijaitwa First League, afu nikapanda juu kidogo. Mwaka 2021 Daraja la Kwanza likabadilishwa jina likawa Championship, baadae wadhamini wakaja, na sisi tuliokuwa ndani tukafurahi kweli tukajua sasa hivi tunaitwa wachezaji wa kulipwa. Wa kulipwa na nani? Kwa misimu sita nimesaini mara nne na mara zote nne sijawahi kurudi nyumbani na karatasi.

Ngoja niwaeleze tulivyosaini hii ya mwisho maana hapa ndipo kila kitu kilipoharibikia. Nimepigiwa simu saa mbili usiku njoo hotelini haraka dirisha la usajili linafungwa. Nafika katibu yuko parking, karatasi kaziweka juu ya boneti ya gari, zimekunjwa unaona ukurasa wa mwisho tu, "dogo saini hapa, hapa na hapa". Nikamwambia kiongozi naomba nisome, akaniambia mfumo wa usajili unafungwa saa sita usiku, ukisoma mpaka asubuhi utasomea nyumbani kwenu, kuna mabeki watatu nimewaacha Ubungo wanasubiri simu yangu. Nikasaini. Kwa mdomo tukakubaliana miaka miwili, mshahara laki tatu na nusu kwa mwezi, hela ya usajili milioni mbili. Nikapewa laki saba kwenye bahasha, iliyobaki baada ya mechi tatu. Nakala yako utaipata ikishapitishwa.

Mechi tatu zikapita zikafika kumi, ile milioni moja na laki tatu sijaiona mpaka leo. Kila nikiuliza nakala naambiwa iko ofisini, na ofisi yenyewe ni chumba cha duka la mtu kinafunguliwa akija mwenyekiti.

Sasa watu wanasema wachezaji wote wanateseka, kweli, ila beki anateseka kivyake. Straika akifunga anaitwa kule jukwaani anatunzwa, mfanyabiashara anatoa elfu hamsini, mwingine laki, siku hiyohiyo anakula. Mimi nimekaa dakika 90 na mtu mwenye nguvu kuliko mimi hajapiga hata shuti moja, nani ananiita? Mawakala wakikupigia wanasema tuma klipu. Klipu gani? Kazi ya beki nusu yake ni kusimama sehemu mpaka pasi isipigwe, hiyo unaikata vipi video? Na mechi zetu chache ndio zinarekodiwa vizuri, zikirekodiwa yanayorushwa ni magoli, kwa hiyo mimi kwenye simu za watu naonekana pale tu nilipopitwa. Kuna beki mwenzangu tulicheza nae, msimu mzima hajakosea, akateleza mara moja uwanja umejaa maji, ile video ndio iliyomfuata kila timu aliyoenda kufanya majaribio.

Afu kuna faini. Dakika ya 88 tunaongoza moja bila, winga wao anakimbia peke yake, kocha anapiga kelele mbele ya watu wote mkate huyo asipite. Nimemkata. Kadi ya pili ya njano, nyekundu, nikatoka. Tukashinda. Jumatatu naambiwa faini elfu hamsini inakatwa kwenye mshahara. Mshahara wenyewe una miezi miwili haujatoka! Yaani nadaiwa faini kwenye hela ambayo sijapewa, na wanaiandika kwenye daftari, daftari la madeni YANGU lipo ila daftari la madeni yao halipo.

Safari sitaki kuongea sana. Tumetoka kusini mpaka Musoma kwa basi, siku mbili, chakula wali maharage njiani, tumefika asubuhi ya mechi tukalala masaa mawili gesti watatu kitanda kimoja, saa kumi jioni unamkaba mtu aliyelala kwao. Miguu imevimba viatu haviingii. Hayo tumeyazoea na wala sio yaliyonileta hapa.

Kilichonileta ni goti. Mwezi wa pili, kipindi cha pili, kona ya kwao, nimeruka nimeupiga kichwa mpira umetoka, nikatua mguu mmoja kwenye shimo, uwanja wetu unajulikana pale golini udongo umeliwa. Goti likaingia ndani nikasikia KA. Nilijua saa hiyohiyo. Mtu wa huduma ya kwanza akaja na dawa ya kupuliza na barafu aliyonunua kwa muuza juisi, akanifunga bandeji akaniuliza unaweza kuendelea? Nikasimama wakuu, haki ya Mungu nikasimama, maana benchi beki hakuna, nikaenda hatua nne nikaanguka. Hospitali nilipelekwa na bajaji ya shabiki, bajaji alilipa yeye.

Kipimo cha MRI kilikuwa laki tatu na nusu, sawasawa na mshahara wangu wa mwezi. Bi mkubwa akakopa kwenye kikoba chake. Majibu mshipa wa mbele wa goti umekatika wote na ule mto wa ndani umechanika, inatakiwa opereshini, mamilioni, afu miezi tisa mpaka mwaka bila kucheza. Nikampigia kiongozi. Siku ya kwanza alisema pole mwanangu tunalishughulikia. Wiki ya pili simu haipokelewi. Wiki ya tano nikatumia namba ya mke wangu akapokea, unajua aliniuliza nini? "Kwani wewe uliumia kwenye timu au ulienda kucheza ndondo?"

Uwanja mzima uliona, ripoti ya mwamuzi ipo, jezi yangu walinivua wao wenyewe wakampa dogo aliyeingia maana zilikuwa hazitoshi. Anauliza niliumia wapi.

Na leo mchana nimeenda mwenyewe na magongo yangu nikamsubiri getini masaa matatu. Akashuka kwenye gari akaniambia mbele ya watu, dogo acha kutusumbua, mkataba wako uliisha Januari. JANUARI. Mimi nimeumia Februari. Kama uliisha Januari, Februari mlinipanga kama nani? Aliyeandika jina langu kwenye karatasi ya mechi aliandika jina la mtu gani? Nikamwambia tulisaini miaka miwili, akanijibu lete mkataba tuone. Anajua sina. Anajua kwasababu yeye ndiye aliyeninyima.

Kuna jamaa yangu anajua sheria nimemsimulia jioni hii. Kanifafanulia vitu vilivyonizidishia hasira. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kifungu cha 14bis, kimeanza 2018, timu isipokulipa mishahara ya miezi miwili unaiandikia barua, unaipa siku 15 ilipe, isipolipa unavunja mkataba kwa sababu halali na bado wanadaiwa. Mimi mpaka naumia nilikuwa nadai miezi minne! Ila nilikuwa nadai kwa simu, kwa kuwavizia kambini, kwa kumuomba meneja aniombee, barua sijawahi kuandika hata moja, hakuna aliyewahi kutuambia na sisi hatukujua pa kuuliza. Akaniambia pia masharti ya FIFA ya mkataba wa mchezaji wa kulipwa yanataka kila aliyesaini apewe nakala yake na nyingine iende kwenye shirikisho. Na sheria yetu ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi yako kwa maandishi. Kwa hiyo ile nakala mtu haitoi kwa huruma. Ni yangu.

Tena akaniuliza hivi timu yenu ilikuwa inachangia mfuko wa fidia kwa wafanyakazi? Nikamuuliza ndio nini. Kumbe fundi wa kiwandani akikatika kidole kazini kuna WCF, mfuko upo toka 2015, mwajiri anachangia. Sisi tunakatika mishipa mbele ya watu elfu mbili na hakuna aliyewahi kutuambia kama sisi ni wafanyakazi au wapita njia.

Najua atakuja mtu aseme mbona Bacca katoka KMKM akaenda Yanga mpaka Taifa Stars, mbona Mwamnyeto katoka Coastal Union 2020 akaenda kuwa nahodha, pambana. Nawaheshimu sana wale ni mabeki kweli, nimewaangalia nikajifunza kwao. Ila angalieni walikotoka. KMKM ni timu ya kikosi cha kuzuia magendo Zanzibar, na wachezaji wengi wa timu za majeshi wana ajira, ana mwajiri anayejulikana, akiumia anajua mlango wa kugonga. Coastal ilikuwa Ligi Kuu, mechi zinaonekana. Beki wa timu ya mwenyekiti mmoja na simu tatu atagonga mlango upi?

Na msiniambie hela hakuna kwenye mpira. Mwaka 2021 Ligi Kuu ilisaini haki za televisheni miaka 10 kwa bilioni 225.6. Sisemi zile ni zetu sisi wa chini. Nasema mpira wa nchi hii umeshakuwa biashara na kwenye biashara watu wanaandikiana. Mbona wageni wanalipwa? Mchezaji wa nje akidhulumiwa anapeleka kesi FIFA, timu inafungiwa kusajili, tumeziona timu za Ligi Kuu zikihangaika usiku na mchana kulipa ili zifunguliwe. Mzawa na timu yake ya hapahapa kesi inabaki hapahapa kwenye kamati ya hadhi za wachezaji, na kitu cha kwanza utakachoulizwa ni mkataba uko wapi. Uko kwa unayemshtaki!

NYONGEZA: kuna mkuu kauliza kwanini sikuacha toka msimu wa kwanza walivyonizungusha. Nitakujibu vizuri. Kila msimu wimbo ni ule ule, tukipanda kila mtu analipwa madeni yake yote. Wawili wa juu wanapanda moja kwa moja, wa tatu na wa nne wana mchujo, kwa hiyo mpaka mwezi wa nne nusu ya timu bado zinawaambia wachezaji wao tunapanda. Ukiondoka katikati unapoteza unachodai, na huwezi kucheza kwingine jina lako liko kwenye mfumo wao. Nina mtoto wa miaka mitatu. Na nikisema ukweli mimi naupenda mpira, napenda kukaba, napenda ile mpira unakuja juu unajua ni wa kwako. Wanajua tunaupenda ndio maana wanafanya hivi.

Ninachoomba. Mwenye uzoefu wa kuomba nakala ya mkataba moja kwa moja shirikisho anielekeze barua inaandikwaje na inapelekwa kwa nani, Jumatatu naenda. Aliyekuwa uwanjani siku ile ana video ya ile kona aje inbox, nataka tarehe ionekane. Na mabeki mlioumia mkaachwa, nyie ambao mko bodaboda sasa hivi mnajua timu ninayoisema kwa kusoma tu, tuandikeni kwa pamoja, mmoja mmoja watatuzungusha mpaka tuzeeke.

NYONGEZA 2: nimeona niweke na hili. Kuna dogo wa mtaani kwetu, ana miaka 19, beki mzuri kuliko mimi nilivyokuwa umri wake, jioni kanipigia ana furaha, kaitwa kesho kusaini timu hiyohiyo, nafasi yangu. Nikamwambia dogo ukipewa karatasi zikunjue zote piga picha kila ukurasa ndio usaini. Akanyamaza kidogo akasema kaka, meseji waliyonitumia inasema simu naacha kwa mlinzi getini.