Eabegi ya mtumba: niifunge au niache volani tupu?

Mwana_Lubumbashi: Ndugu zangu, salamu. Nina motoka ya Japani iliyopitia Dar na mpaka wa Kasumbalesa. Taa ya SRS, ile ya kuonya juu ya eabegi (mfuko wa hewa unaokukinga ukigonga), inawaka, haizimi. Fundi kafungua volani (usukani), eabegi haimo! Wamejaza sponji na kubandika kifuniko kwa gundi. Kumbe iliwahi kugonga, mimi nikauziwa kama haijaguswa. Fundi ananipa njia mbili: eabegi ya gari bovu, dola 70, au rizista, kakifaa ka kuidanganya kompyuta ya gari ili taa izime. Mke wangu ndiye anayeiendesha zaidi. Nifanyeje?

Fundi_Katuba: Rizista kataa. Ni uleule uongo uliouziwa wewe. Kwenye eabegi ya mtumba, kitambaa si shida, shida ni kile kikopo cha chuma nyuma yake. Ndani mna vidonge vya kemikali na kiwashio. Kompyuta ikihisi mgongano inapeleka umeme, vidonge vinaungua, gesi inajaza mfuko kwa milisekunde 30 hivi. Hakijaribiwi, kinafanya kazi mara moja tu. Na mtu asikipime kwa multimita (kipima umeme), umeme wake mdogo unaweza kukilipua usoni.

Kaka_Mkubwa: Mnamtisha bure. Yangu ya mtumba ina miaka 4, taa haijawahi kuwaka.

Fundi_Katuba: Mkubwa, taa inasoma nyaya, haisomi vidonge. Uliza habari za Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa ikitengeneza eabegi. Walitumia amonia naitreti, vingi bila kikausha unyevu. Miaka ya joto na unyevunyevu ikaharibu vidonge, vikawa vinaungua kasi mno, chuma kinapasuka, vipande vinamrukia dereva. Marekani pekee viliitwa virudishwe vikopo kama milioni 67. Kampuni ikafilisika 2017. Sasa hicho cha dola 70, nani anajua kimenyeshewa masika mangapi kwenye uwanja wa magari mabovu?

Mama_Gari: Baba, ukikipata, dai namba ya chasi ya gari kilikotoka, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Hawana namba? Usinunue. Lakini mbona hamjamwuliza mikanda ya viti? Nayo ina baruti yake ya kuikaza, na mara nyingi hulipuka pamoja na eabegi. Vuta wa dereva polepole, uachie. Unarudi?

Mwana_Lubumbashi: Nimetoka uani sasa hivi. Unatoka nusu, haurudi, unaning'inia tu. Namwuliza mke wangu, anasema siku zote anaubana kwa kibanio cha nguo, alidhani ni uzee. Eabegi ingoje kwanza. Mama, mkanda mpya wa dereva naupata wapi hapa mjini?