Hedi bapa silinda sita: niiboreshe 218, niweke krenki ya 230, au nitafute 265?

Kijana wa Minnesota
Wakubwa, shikamooni. Nina gari la Plymouth la 1950 lenye injini yake ya kiwandani ya hedi bapa, yaani valvu haziko juu kwenye hedi (kifuniko cha injini) bali ubavuni: inchi za ujazo 218, nguvu za farasi 97. Mlimani naachwa na kila mtu. V8 (injini ya silinda nane) sitaki kabisa, mlio wa hizi za silinda sita ndio ulionifanya niinunue. Nifunge kabureta mbili na kuchonga hedi, niweke krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya injini ya inchi 230, au nitafute injini kubwa zaidi ya 265?

Fundi Saleh
Marahaba. Kabureta mbili funga, na eksozi igawe: silinda 1 hadi 3 bomba lao, 4 hadi 6 lao. Njia za kuingizia hewa ni tatu tu, kila moja inalisha silinda mbili, na kabureta moja ikikaa katikati silinda za ncha zote mbili hubaki na njaa.

Hedi ndiyo uende nayo taratibu. Valvu zimekaa ubavuni mwa silinda, kwa hiyo hewa hupita juu ya valvu, chini ya hedi, ndipo iifikie pistoni. Ukichonga sana, mgandamizo unapanda lakini ile njia ya hewa inabanwa, na injini inakosa pumzi.

Krenki ya 230 na konrodi zake (vyuma vinavyoiunganisha na pistoni) huingia kwenye bloku yako, yaani mwili wa injini. Pistoni inasafiri robo inchi zaidi, na hiyo utaihisi mlimani.

Mama Windsor
265 nimeiendesha, inavuta hasa. Ila bloku yake ni ile ndefu ya inchi 25, yako ni ya 23. Rejeta lazima uisogeze mbele, mwanangu.

Hornet52
Na injini ya Hudson ya inchi 308, nayo silinda sita? Mwaka 1952 magari ya Hudson Hornet yalishinda mbio 27 kati ya 34 za NASCAR (mashindano ya magari Marekani), V8 zikiwepo!

Fundi Saleh
Heshima yake ipo, ndugu yangu, lakini kuiingiza kwenye Plymouth ni kuunda gari upya. Kijana, kabla ya lolote ng'oa pampu ya maji uchomoe lile bomba bapa la kugawa maji ndani ya bloku. Likioza, maji hayafiki vizuri nyuma, na valvu za eksozi za huko zinaungua.

Kijana wa Minnesota
Limetoka vipande vipande, nusu nzima ya nyuma imeliwa na kutu. Nimeagiza jipya. Krenki ya 230 nimeshaipata, kabureta zitasubiri. Asante sana, fundi.