Mtamba wangu ameanza joto na dume la kikundi ndilo baba yake, nimpandishe mbegu gani? (Rungwe)

MamaMigomba
Habari za jioni wafugaji wenzangu. Nipo Rungwe, jirani na Tukuyu. Naomba ushauri mapema, maana mtamba wangu, jike ambaye hajazaa bado, ameonyesha joto juzi na najua atarudi baada ya wiki tatu. Sitaki anikute bado tunabishana hapa nyumbani.

Nina ng'ombe mmoja mkubwa, chotara, nusu Friesian wa kigeni wa maziwa, nusu zebu wa kienyeji. Tulimpata kwenye kikundi kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza tulishamtoa kwa mwanakikundi mwingine. Kwa sasa anatoa lita nane, asubuhi tano na jioni tatu. Huyu mtamba ni binti yake wa pili. Baba ni dume la kikundi, robo tatu Friesian.

Mume wangu anasema dume lipo, gharama ndogo, tumpeleke huko. Mhimilishaji anayepita kwetu, yule anayepandisha kwa mrija bila dume, ana mbegu za Friesian na za Jersey. Mdogo wangu wa Mbeya mjini anasema tuuze wote wawili, tununue mtamba mmoja wa shamba la serikali la Kitulo, Friesian damu kamili. Shamba langu ni ekari moja na nusu, humo kuna migomba, kahawa kidogo, na majani ya kulisha ng'ombe, matembo na Guatemala, kwenye kingo. Pumba na mashudu ya alizeti nanunua hela ikiwepo. Nataka ng'ombe atakayenisomeshea watoto. Nifanyeje?

Uporoto_Juu
Dume la kikundi litoe kwenye hesabu kabisa. Hilo ni baba yake mzazi.

Mhimilishaji_Njombe
Dada, shikamoo kwanza kama umenizidi umri. Nafanya kazi ya uhimilishaji huku Njombe na swali lako ndilo naulizwa karibu kila banda.

Aliyetangulia amesema kweli, ila shemeji atahitaji sababu. Mtamba akipandwa na baba yake, robo ya vinasaba vya ndama inakuwa nakala ileile iliyotoka pande zote mbili. Kasoro iliyojificha kwa dume inapata nafasi ya kujitokeza. Ndama huzaliwa dhaifu, hukua taratibu, hachelewi kuugua, na akifika ukubwani kushika mimba kwake kunakuwa kwa shida. Halafu dume linalozunguka kijiji kizima bila kupimwa hubeba magonjwa ya uzazi, ukiwemo ule wa kutupa mimba, brusela, ambao unampata hata binadamu kupitia maziwa mabichi. Kikundi chenu kinatakiwa kubadilishana dume na kikundi cha mbali kabla mabinti zake hawajafika umri wa kupandwa. Lisemeeni hilo kwenye kikao, maana mtamba wako hayuko peke yake, wapo wengine wengi hapo kijijini wenye baba huyohuyo.

Sasa mbegu. Piga hesabu ya damu. Mama ni nusu Friesian, dume ni robo tatu, kwa hiyo mtamba wako ana Friesian kama asilimia 62. Ukimpa mbegu ya Friesian kamili, ndama atakuwa na asilimia 81. Ukimpa Jersey kamili, ndama atakuwa nusu Jersey, Friesian asilimia 31, zebu 19. Wote wawili wanabaki na zebu kiasi kilekile. Tofauti ipo kwenye mwili na tumbo.

Ng'ombe wa maziwa anahitaji chakula kikavu karibu asilimia 3 ya uzito wake kila siku. Chotara wa Friesian mwenye kilo 450 ni kama kilo 13 na nusu. Majani mabichi ya matembo sehemu kubwa ni maji, ukichukulia kikavu ni moja ya tano, unatakiwa umkatie kilo 67 kwa siku. Chotara wa Jersey mwenye kilo 350 anataka kama kilo 52. Kilo 15 kila siku, mwaka mzima, kichwani mwa mtu. Nenda kingo zako uone kama zinakupa hiyo tofauti mwezi wa tisa na wa kumi, hata kwenu Rungwe ambako mvua haikauki sana. Jersey pia ana mafuta mengi kwenye maziwa, karibu asilimia 5, na kwa mtamba anayezaa mara ya kwanza ndama wake ni mdogo, hakwami njiani. Mimi ningempa Jersey.

Kipengere_78
Mkuu hapo juu naheshimu kazi yako, lakini hapa kwetu Makete tunawaona Friesian wa Kitulo kila siku. Ni ng'ombe hasa. Serikali imewatunza pale miaka mingi. Mtu akitaka maziwa, aende kwenye chanzo. Mdogo wake hajakosea.

Binti_Mufindi
Kipengere, Kitulo ni baridi, malisho ni mapana na kuna wataalamu pale pale. Ukimtoa mtamba huko ukamshusha kwenye banda la ekari moja na nusu lenye kupe, ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, inamsubiri mlangoni. Hajawahi kukutana nayo akiwa ndama, hana kinga. Akishushwa achanjwe ndigana kali na josho lisikosekane. Na bado dada atakuwa ameuza ng'ombe wawili kupata mmoja. Huyo mmoja akifa?

Kipengere_78
Hilo la chanjo nakubali. La kuuza wawili kupata mmoja pia nakubali, sikulifikiria hivyo.

Mwana_Isimani
Kamwene wote. Mimi nipo Isimani, Iringa, huku jua ni kali na nyasi ni za miezi michache. Nasema ili wengine wanaosoma wasichukue jibu la Rungwe wakalileta kwetu. Huku damu ya kigeni ikizidi nusu, ng'ombe anahema mchana kutwa na maziwa yanashuka chini ya yale ya chotara wa kwanza. Chotara wa kwanza kati ya zebu na ng'ombe wa kigeni ana nguvu ya pekee inayotokana na kuchanganya damu mbili za mbali. Ukimpandisha chotara kwa chotara mwenzake, nusu ya ile nguvu inapotea na ndama wanatoka wa kila aina: mmoja lita kumi, nduguye lita tatu. Dada wa Rungwe ana hali ya hewa nzuri, anaweza kupanda zaidi ya nusu. Sisi huku tusimuige.

MamaMigomba
Asanteni sana, nimesoma yote kwa sauti na mume wangu akiwa hapa pembeni. Ameelewa la baba na binti. Sasa anauliza: mbegu ya Friesian wanasema dume lililoitoa lina mabinti wanaotoa lita 30 huko Ulaya. Kwa nini tuiache?

Mtunza_Daftari
Dada, hizo lita ni za kweli, ila zimepimwa kwenye mabanda ya huko, kwa ng'ombe wanaokula sileji, yaani majani yaliyovundikwa, na nafaka kila siku. Dume lililo la kwanza huko si lazima liwe la kwanza kwa mabinti wanaokula maganda ya ndizi na matembo. Ndiyo sababu ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kupitia mradi wa ADGG wa kuboresha mbegu za ng'ombe wa maziwa walikusanya kumbukumbu za ng'ombe wa wafugaji wadogo hapa Tanzania na kule Ethiopia, wakapima maziwa shambani kwetu na kusoma vinasaba, ili madume yachaguliwe kwa mabinti waliofanya vizuri katika mazingira yetu. Mimi naliamini sana jambo hili, kwa sababu mfugaji wa Rungwe anastahili dume lililopimwa Rungwe.

Ila kazi hiyo inakufa pasipo daftari. Huwezi kuchagua usichokipima. Andika tarehe ya joto, tarehe ya kuhimilishwa, jina na namba ya dume, tarehe ya kuzaa, lita za asubuhi na jioni angalau siku moja kila wiki. Lita nane za mama huyo peke yake hazinielezi kitu. Ni mwezi wa pili tangu azae au wa tisa? Kama ni wa tisa, una ng'ombe mzuri kuliko unavyodhani, na binti yake ni mali.

MamaMigomba
Amezaa miezi saba iliyopita. Alipoanza alikuwa anafika lita kumi na tatu.

Mtunza_Daftari
Kwa chakula ulichokieleza? Usimuuze huyo mama hata kwa dawa.

Mhimilishaji_Njombe
Nakazia. Na kabla ya mbegu yoyote, mpime mtamba uzito kwa utepe wa kifuani, afisa mifugo wa kata anao. Afike walau asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Joto la kwanza huja kabla mwili haujakomaa, kwa hiyo akiwa mwepesi mwache mzunguko mmoja au miwili umuongezee mashudu na madini ya kulamba.

Siku ya mbegu mwombe mhimilishaji akuonyeshe mrija wenye mbegu kabla hajauingiza. Umeandikwa jina la dume, namba na aina. Baada ya kazi mrija mtupu uhifadhi kwenye daftari. Mbegu hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi ukipungukiwa mbegu hufa bila kubadilika sura. Muulize bila woga mtungi ulijazwa lini, anayeijua kazi yake hachukii. Zipo pia mbegu zilizochambuliwa ili kuzaa majike, karibu ndama 9 kati ya 10, ila ni ghali na hushika mimba kwa shida kidogo kuliko za kawaida. Ukiwa na hela mtamba ndiye wa kuzijaribu, kuliko ng'ombe mkubwa.

MamaMigomba
Ndaga fijo kaka. Tumekubaliana Jersey, mama haendi popote, na Jumapili nalipeleka suala la dume kwenye kikao cha kikundi. Limebaki swali moja. Juzi nilimwona akitoa ute saa kumi na mbili asubuhi. Akirudi tena nimpigie mhimilishaji saa hiyohiyo?

Mhimilishaji_Njombe
Ute ni dalili, lakini alama yenyewe ni kusimama tuli anapopandwa na mwenzake. Kwa kuwa una wawili, watoe pamoja uwanjani asubuhi na jioni, kuanzia siku ya 18 hadi ya 24 tangu juzi. Ukimwona amesimama asubuhi, mhimilishaji aje jioni ya siku hiyo. Ukimwona jioni, aje kesho yake asubuhi. Mpigie simu palepale unapomwona ili ajipange na safari. Ukiona damu kidogo mkiani ujue joto limeshapita, subiri wiki tatu nyingine. Na akishahimilishwa, andika tarehe, umwangalie tena siku ya 21. Asiporudi, mwite afisa mifugo baada ya miezi mitatu ampime mimba kwa mkono.