Mvinyo mtamu wa Sauternes: mwaka wenye jina au mwaka usiotajwa?

Mkazi wa Shangani
Wakuu, habari za jioni. Shemeji yangu anarudi kutoka Ufaransa mwezi ujao na atashuka hadi Mtwara kutusalimia. Nimemwomba aniletee mvinyo mtamu, ule wa kunywa mwishoni mwa mlo, hasa wa Sauternes, eneo la mizabibu karibu na Bordeaux. Fedha niliyompa inatosha kitu kimoja kati ya hivi: nusu chupa ya Château Suduiraut 2009, chupa nzima ya Château Coutet 2008 (mashamba yote mawili ni ya Sauternes, na namba ni mwaka wa mavuno), au chupa ya Tokaji Aszú ya Hungaria, puttonyos 5 (kipimo chao cha utamu). Kila ninaposoma nakuta sifa za 2009, 2001 na 1990. Hiyo 2008 wanaipita tu. Tutakuwa watu sita, mezani kuna kamba wa nazi, halafu halua na korosho. Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi?

Naliendele Juu
Mkuu, chukua 2008 bila wasiwasi.

Kule Sauternes jua peke yake halitoshi. Kijito cha Ciron kinakuja na maji baridi na kuingia kwenye mto Garonne wenye maji ya uvuguvugu, basi asubuhi za vuli ukungu unafunika mashamba. Mchana jua likitoka, kuvu iitwayo Botrytis cinerea inatoboa ngozi ya zabibu, maji yanapungua, sukari na uchachu vinakolea. Mwaka 2009 hayo yote yalikwenda vizuri, sukari ikapanda kwelikweli. Mwaka 2008 baridi kali ya Aprili iliunguza machipukizi, mavuno yakawa kiduchu. Tena ukaangukia kati ya 2007 na 2009, miaka miwili inayosifiwa, nani aukumbuke? Lakini zabibu zilizobaki ziliiva. Na Coutet iko Barsac, kijiji kimojawapo cha eneo hilo la Sauternes, kwenye udongo wa chokaa, ambako mvinyo huwa mwepesi na mchangamfu zaidi kuliko wa majirani zake.

Binti Mikindani
Naliendele, hoja yako naiheshimu, ila tusimfanye mwenzetu aamini kwamba kila mwaka usio na jina ni bahati iliyojificha. Angalia 2012. Mvua iliharibu zabibu mpaka mashamba makubwa ya huko, Yquem, Rieussec na Suduiraut, wakaamua kutotoa kabisa mvinyo wao mkuu mtamu. Chupa ya mwaka wa namna hiyo ukiuziwa kwa bei ya kutupa, ujue kuna sababu.

Mimi ningechukua Suduiraut 2009. Nusu chupa ni mililita 375, kwa watu sita kila mmoja anapata kama vijiko vinne vya chakula. Kwa mvinyo mzito vile, inatosha. Na kama mgeni ataahirisha safari, 2009 itakusubiri.

Naliendele Juu
Dada, kuhusu 2012 tuko pamoja. Yquem walifanya hivyohivyo 1964, 1972, 1974 na 1992. Mimi hilo ndilo linalonipa imani na miaka ya katikati: shamba lililo tayari kukosa mapato ya mwaka mzima halitakupa takataka mwaka ambao limekubali kuweka jina lake. Wachumaji wanapita shambani mara nyingi, wiki kwa wiki, wanakata zile tu zilizoshikwa na kuvu nzuri. Sheria yao inaruhusu hektolita 25 tu (lita 2,500) kwa hekta, na pale Yquem husemwa mzabibu mmoja unatoa glasi moja. Mwaka mgumu wanatupa nyingi zaidi. Kwa hiyo mtu aangalie kwanza mwenye shamba, mwaka baadaye. Ninasema hivyo kuhusu 2002 pia, ambayo kosa lake kubwa ni kuja baada ya 2001.

Mzee wa Mitwero
Wanangu, mnagombania mwaka, mmesahau halua.

Ukila halua halafu ukanywa mvinyo huu, wa mwaka wowote ule, utauona umegeuka maji yenye ndimu. Kitu kitamu cha mezani kisiupite mvinyo kwa utamu. Weka halua pembeni, waletewe na kahawa baadaye. Mtoe korosho zetu zilizokaangwa na chumvi kidogo, za moto bado. Na kama mkeo yuko radhi, maini ya kuku yaliyokaangwa na vitunguu mpaka vitunguu viwe na rangi ya sukari iliyoungua. Wafaransa wanakunywa Sauternes na maini ya bata, sisi tuna kuku.

Niliwahi kunywa Barsac ya 2004 hapa Lindi, mwezi wa pili, joto la kukata pumzi. Ilikuwa na rangi ya samli iliyoyeyuka. Glasi ilitoka jasho mara tu ilipomiminwa. Harufu ya ganda la chungwa lililokaushwa, asali nyuma yake, na ulipomeza kulikuwa na ukali kama wa tangawizi unaobaki kooni. Haikuwa nzito. Mvinyo wa mwaka wa jua kali, kwenye joto letu, glasi ya pili haipandi. Ile ya 2004 tuliimaliza tukiwa bado mezani, na tulianza nayo kwenye kamba. Ndiyo maana namuunga mkono Naliendele: kamba wa nazi wanataka mvinyo mtamu wenye uchachu, usiowafunika.

Tokaji ni nzuri sana, uchachu wake unatosha hata mezani, lakini ya puttonyos 5 ina gramu zisizopungua 120 za sukari kwa lita. Iache kwa siku ya korosho peke yake.

Binti Mikindani
Shikamoo mzee. Kwa kamba nimekubali, 2008 inafaa zaidi. Kwa kunywa peke yake baada ya kula bado nasimama na 2009.

Kondakta wa Mingoyo
Mimi nazungumzia njia. Kutoka Dar ni kilomita zaidi ya 500, na buti la basi linachemka. Shemeji asiiweke chupa kwenye begi la chini. Aifunge kwa kanga, akae nayo miguuni. Ikifika, friji moja kwa moja, isikae kabatini ikisubiri sikukuu. Duka moja mjini niliuziwa mvinyo mtamu uliokaa dirishani, kizibo kilikuwa kimesukumwa juu kwa joto na ndani umekuwa kahawia.

Mkazi wa Shangani
Ahsanteni wote, na mzee shikamoo. Nimeshamtumia ujumbe: Coutet 2008. Halua imehamia kwenye kahawa. Swali la mwisho: wawili kati yetu hawanywi, hao nawatengenezea juisi ya ukwaju, kwa hiyo chupa nzima huenda isiishe. Ikibaki itaharibika?

Mzee wa Mitwero
Marahaba mwanangu. Haiharibiki upesi. Sukari na uchachu vinailinda. Rudisha kizibo, isimamishe kwenye friji, wiki nzima iko sawa. Ukitaka kunywa, itoe dakika kumi kabla. Ikiwa ya baridi kupita kiasi harufu inajifunga, na glasi isiwe ile ndogo ya pombe kali, iwe na nafasi ya kuingiza pua.