Wanajua majibu yote ya mazingira, lakini tabia ni ile ile. Nifanyeje?

Mlezi_wa_Klabu: Habari zenu. Naomba ushauri kuhusu klabu ya mazingira, watoto wa miaka 12 hadi 15. Ukiwauliza madhara ya plastiki wanayataja bila kukosea, kisha wanaondoka na kuacha chupa pale pale walipokaa. Wakosaji huokoteshwa taka, wala haisaidii. Miche tunayopanda nayo hufa. Nataka wajali hata pasipo mtu wa kuwatazama.

Kiriba: Mwalimu, anza kwa kufuta hiyo adhabu. Inamfundisha mtoto kwamba kuokota taka ni aibu ya aliyekamatwa. Asiyekamatwa hadaiwi kitu.

Badala yake, pimeni taka. Kwa siku 5 mfululizo zimwageni juu ya turubai, mvae glavu, mtenge mafungu: plastiki, karatasi, mabaki ya chakula, mengineyo. Vioo na sindano aviondoe mtu mzima kwa koleo. Kila fungu lipimwe kwa mizani, uzito uandikwe ubaoni. Kisha waulize: hili likitoka hapa, linakwenda kwa nani? Walifuatilie mpaka jalalani, wajue ni akina nani wanaovuta moshi wake. Na usitoe zawadi kwa idadi ya chupa, maana watazichomoa mapipani ili wahesabiwe.

Mtunza_Kitalu: Kuhusu miche: acheni kuhesabu iliyopandwa, hesabuni iliyo hai baada ya miezi 3, 6 na 12. Mche mmoja kwa watoto 4, na zamu za kumwagilia zijulikane, likizo ikiwemo. Likizo ndiyo inayoua mingi.

Uliokufa msiutupe. Ung'oeni muutazame. Mara nyingi kiriba, yaani kifuko cha plastiki kinachooteshewa mche, hakikuchanwa, au mizizi imejizungusha duara kama kamba kwa sababu mche ulikaa kitaluni kupita kiasi. Gome likiwa limeoza chini, matandazo, yaani majani makavu ya kufunikia udongo, yaliligusa; yawekwe sentimita 10 kutoka kwenye shina. Watoto waushike huo mzizi na waseme wenyewe kilichokosewa, bila kumtafuta wa kulaumiwa.

Mlezi_wa_Klabu: Asanteni sana. Na maadili yenyewe, nayafundishaje bila kuhubiri?

Bi_Mjadala: Wape jambo lisilo na jibu jepesi. Mti wa kivuli unapasua ukuta kwa mizizi: ukatwe? Kundi moja liseme kwa niaba ya wanaokaa kivulini, jingine mwenye ukuta, jingine ndege wenye viota, la nne watoto ambao hawajazaliwa. Dakika 10 za kujiandaa, 20 za kujadili, kisha wabadilishane pande. Hapo pa kubadilishana usiparuke. Ndipo wanapolazimika kumtetea waliyempinga. Wewe nyamaza hadi mwisho, kwani ukidokeza msimamo wako mapema, wote watakufuata.

Kisha wapate jambo la kutenda. Wakinge bomba linalovuja: chombo cha mililita 250 kikijaa kwa dakika 30, ni lita 12 kwa siku. Hesabu hiyo waiandike kwenye barua kwa mwenye dhamana ya kutengeneza, waweke sahihi zao, na wiki inayofuata warudi kukinga tena.